Kuifanya FileZilla Ifungukie kwenye Folda Unayoifanyia Kazi

Kila anayetunza tovuti kwa njia ya FTP, yaani utaratibu wa kuhamisha faili kati ya kompyuta na seva, anaijua safari hii. Unafungua programu, unaunganishwa na seva, na upande wa kulia unakutana na msururu wa folda zenye majina kama etc, logs, mail, ssl na tmp. Unaitafuta public_html, folda yenye tovuti yenyewe, unaifungua, unaingia wp-content, kisha themes, kisha folda ya muonekano unaoushughulikia. Ukimaliza hapo unahamia upande wa kushoto na kuanza upya, ukitokea popote ulipoachia kazi jana. Ni mibofyo minane au tisa kabla hujagusa faili hata moja, na ukiunganishwa mara kumi kwa siku, safari hiyo inakula muda. Ubaya wake mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba inaleta makosa: mtu aliyechoka hupakia faili za mteja mmoja kwenye seva ya mteja mwingine kwa sababu tu upande wa kushoto ulibaki kwenye folda ya jana.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuweka folda ya kuanzia, ile ya kompyuta yako na ile ya seva, kwa kutumia FileZilla, programu ya bure iliyoanzishwa na Tim Kosse mwaka 2001 na inayofanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Seva ya mfano ni ya aina ambayo wengi wetu tunaikodisha, yenye cPanel, jopo la kuisimamia seva kwa kivinjari, na jina la mtumiaji katika mifano yote ni duka. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye programu ikiwa katika Kiingereza, ili uyatambue ukiyaona.

Kinachotokea unapounganishwa

Usiruke sehemu hii, kwa kuwa karibu kila tatizo la folda ya kuanzia linatokana na kutoielewa. Utaratibu wa FTP tunaoutumia hadi leo ulielezwa katika waraka wa RFC 959 wa Oktoba 1985, na ndani yake hakuna amri inayosema "nianzishe hapa". Nenosiri likishakubaliwa, seva yenyewe ndiyo inayoamua ikuweke wapi. Programu ikitaka kujua ilipo hutuma amri ya PWD, na seva hujibu kwa namba 257 ikifuatwa na njia ya folda. Ikitaka kuhama hutuma CWD pamoja na njia ya huko inakokwenda, na ikifanikiwa hujibiwa kwa namba 250. Mazungumzo yenyewe, kwenye seva ya Pure-FTPd ambayo cPanel huitumia sana, huonekana hivi:

```
USER duka
331 User duka OK. Password required
PASS 
230 OK. Current restricted directory is /
PWD
257 "/" is your current location
CWD /public_html
250 OK. Current directory is /public_html
```

Mistari miwili ya mwisho ndiyo folda ya kuanzia. Ni amri ya CWD ambayo programu huituma kwa niaba yako mara tu baada ya kuingia, badala ya wewe kubofya folda moja moja. Kwa hiyo njia utakayoiandika sharti iwe ile ambayo seva inaitambua kwa akaunti hiyo na kwa itifaki hiyo (utaratibu wa mawasiliano, kama FTP), hata kama wewe unaijua folda hiyo kwa njia nyingine kutoka kwenye barua ya kampuni inayohifadhi tovuti au kutoka kwenye jopo la cPanel. Tazama neno "restricted" kwenye jibu la namba 230: seva inakuambia kwamba imekufungia ndani ya folda yako ya nyumbani, na kwamba kwako wewe alama ya / inamaanisha folda hiyo. Kwenye diski ya seva folda hiyo inaitwa /home/duka, lakini ukiandika /home/duka/public_html kwenye akaunti iliyofungiwa namna hii utajibiwa kuwa hakuna kitu kama hicho.

Hatua ya kwanza: ichukue njia kutoka kwa seva yenyewe

Unganishwa kwanza bila kuweka folda yoyote ya kuanzia. Tembea kwa mibofyo kama ulivyozoea hadi ufike ndani ya folda unayoitaka, kisha tazama kisanduku kirefu kilichoandikwa "Remote site" juu ya orodha ya upande wa kulia. Maandishi yaliyomo humo ndiyo njia unayoihitaji, herufi kwa herufi. Yachague yote, yanakili kwa Ctrl+C, na uyaweke mahali kwa muda.

Ukipenda kusikia jibu kutoka kwa seva moja kwa moja, fungua menyu ya "Server", chagua "Enter custom command", andika PWD, na utaona mstari wa 257 kwenye dirisha la ujumbe lililo juu. Njia hiyo inafaa kwa FTP pekee.

Nasisitiza kunakili badala ya kuandika kwa kukumbuka, na nina sababu. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa akaunti ya FTP ya tovuti ya duka moja la vifaa vya ujenzi. Kwa mazoea niliandika /public_html kama folda ya kuanzia. Seva ikakataa, na programu ikaniacha kwenye folda ya mwanzo, ambayo niliitazama haraka haraka na kuhitimisha kwamba public_html imefutwa na mtu. Nikaiunda upya, nikapakia tovuti nzima humo kwa bando langu la simu, nikampigia mteja simu kumwambia aangalie. Akaangalia, akaona tovuti ya zamani. Akaunti niliyopewa ilikuwa ya nyongeza, na ilikuwa imekwisha kufungiwa ndani ya public_html. Kwa hiyo nilichokuwa nimekiunda ni public_html ndani ya public_html, na kazi yangu yote ilikuwa inaonekana kwenye anwani inayoishia na /public_html/ ambayo hakuna mtu angeifungua. Akaunti za nyongeza za cPanel hufungiwa kwenye folda iliyochaguliwa wakati wa kuziunda, na usipochagua, cPanel hupendekeza folda mpya yenye jina la akaunti hiyo. Kwenye akaunti kama hizo alama ya / peke yake huwa inatosha, au unakiacha kitupu kisanduku cha folda ya kuanzia.

Zingatia pia ukubwa wa herufi. Seva nyingi za tovuti zinaendeshwa kwa Linux, na kwenye Linux Picha na picha ni folda mbili tofauti. Aidha, jina la folda ya tovuti si lilelile kila mahali: penye jopo la Plesk huitwa httpdocs, penye jopo la DirectAdmin hukaa ndani ya domains kisha jina la tovuti kisha public_html, na kwenye seva ya Debian au Ubuntu yenye Apache uliyoisimika mwenyewe kwa kawaida ni /var/www/html.

Hatua ya pili: iweke seva kwenye Site Manager

Vile visanduku vinne vya "Quickconnect" vilivyo juu ya dirisha havina nafasi ya folda ya kuanzia. Ni vya kuunganishwa mara moja na kuondoka. Ili programu ikumbuke, lazima seva iwe na kumbukumbu yake ndani ya Site Manager. Bonyeza Ctrl+S, au chagua "Site Manager" kwenye menyu ya "File". Ikiwa seva yako haimo kwenye orodha, bofya "New site" na uipe jina litakalokusaidia baadaye. "Duka – muonekano" ni jina bora kuliko "seva mpya 2".

Kwenye kichupo cha "General" jaza itifaki, anwani ya seva kama vile ftp.example.com, jina la mtumiaji na nenosiri. Penye "Encryption" chagua kinachodai TLS, yaani mazungumzo yaliyofichwa, ikiwa seva inaiwezesha, kwa sababu FTP tupu hupitisha nenosiri bila kulificha, na kwenye Wi-Fi ya mgahawa hilo si jambo la kuchezea. Itifaki utakayoichagua hapa, FTP au SFTP, inaweza kubadilisha njia ya folda utakayoiandika katika hatua inayofuata. Nitalirudia jambo hilo hapo mbele.

Hatua ya tatu: jaza visanduku viwili vya "Advanced"

Seva ikiwa imechaguliwa kwenye orodha ya kushoto, fungua kichupo cha "Advanced". Utaona visanduku viwili vilivyo jirani.

Kisanduku cha "Default local directory" ni cha folda ya kwenye kompyuta yako. Bofya "Browse" na uichague folda yenyewe, mathalani D:\Kazi\duka\public_html, badala ya kuiandika kwa mkono. Watu wengi hukiacha kisanduku hiki kitupu wakidhani kinachojalisha ni upande wa seva. Kikiwa kitupu, upande wa kushoto haubadiliki unapounganishwa. Unabaki palepale ulipokuwa, na hapo ndipo faili za mteja wa asubuhi huingia kwenye seva ya mteja wa mchana. Kama utajaza kisanduku kimoja tu kati ya viwili, ningekushauri ujaze hiki.

Kisanduku cha "Default remote directory" ni cha seva. Bandika humo njia uliyoinakili katika hatua ya kwanza, kwa mfano:

```
/public_html/wp-content/themes/duka
```

Njia hiyo lazima ianze na alama ya mkwaju. FileZilla huikagua unapobofya "OK", na ikiona umeandika public_html bila mkwaju wa mwanzo, hukataa kuihifadhi na kukutaka uandike njia kamili. Nafasi katikati ya jina la folda haina tatizo. Iandike kama ilivyo, bila alama za kunukuu.

Juu ya visanduku hivyo kuna orodha ya "Server Type". Iache kwenye utambuzi wa moja kwa moja isipokuwa unajua kwa hakika kwamba seva ni ya aina isiyo ya kawaida.

Hatua ya nne, kwa anayetaka pande zote mbili ziende pamoja

Chini ya visanduku hivyo viwili kuna kijisanduku cha "Use synchronized browsing". Ukikitia tiki, kila folda utakayoifungua upande mmoja itafunguka upande wa pili pia, kwa hiyo ukiingia css kushoto, kulia nako unaingia css. Programu haitakukubalia mpaka ujaze folda za kuanzia za pande zote mbili, na sababu ni dhahiri: bila mahali pa kuanzia panapolingana, hakuna cha kulinganisha. Folda isiyokuwapo upande wa pili ikifunguliwa, programu huuliza kama iiunde au iache kwanza kwenda sambamba. Soma swali hilo kabla ya kubofya, kwa maana folda tupu zinazozagaa kwenye seva nyingi huzaliwa hapo.

Mimi hukitia tiki kwa tovuti ambazo nakala yake kamili ninayo kwenye kompyuta, na hukiacha kwa zile ambazo ninahariri faili mbili tatu tu. Ukikichoka katikati ya kazi, Ctrl+Y hukizima.

Hatua ya tano: hifadhi na ujaribu

Bofya "OK" ili kuhifadhi, au "Connect" ili kuhifadhi na kuunganishwa papo hapo. Mabadiliko uliyoyafanya hayagusi muunganisho ulio wazi tayari. Lazima uukate na kuingia upya kupitia Site Manager. Hili huwasumbua wengi: wanabadilisha folda, wanabofya "OK", wanatazama dirisha lilelile, na kuhitimisha kwamba programu haisikii.

Ukishaunganishwa, usitosheke na kuona orodha ya faili. Soma kisanduku cha "Remote site" na cha "Local site" na uhakikishe kwamba kila kimoja kinaonyesha ulichokiandika. Folda ya seva isipopatikana, FileZilla hukuonyesha badala yake folda ambayo seva imekuweka, na mtu asiyesoma kisanduku hadhani kuna kosa, kama ilivyonikuta mimi. Upande wa kompyuta nako usitegemee kuonywa: ikiwa folda ilikuwa kwenye flashi uliyoichomoa, utajikuta kwenye folda nyingine kimyakimya.

Seva ikijibu 550

Ujumbe wenye namba 550 hutokea kwenye dirisha la juu, kwa mfano:

```
CWD /home/duka/public_html
550 Can't change directory to /home/duka/public_html: No such file or directory
```

Ikiwa huoni amri zenyewe, bofya kitufe cha kulia cha kipanya ndani ya dirisha la ujumbe na uchague "Show detailed log", kisha unganishwa tena. Maneno yanayofuata namba 550 yana maana kubwa kuliko namba yenyewe. Yakisema "No such file or directory", njia si sahihi, na chanzo cha kawaida ni kuandika njia ya diski ya seva kwenye akaunti iliyofungiwa, kama hapo juu. Futa /home/duka na ubakize kinachofuata. Yakisema "Permission denied", folda ipo lakini akaunti yako hairuhusiwi kuingia, na hakuna utakalolibadilisha kwenye FileZilla litakalosaidia. Hilo ni la mwenye seva.

Sasa lile la itifaki. SFTP hupita kwenye SSH, njia ya siri ya kuingia kwenye seva, kwa kawaida kwenye mlango wa 22 badala ya 21, na licha ya jina lake ni itifaki nyingine kabisa. Haina amri ya CWD. Programu ndiyo inayokumbuka ilipo, na seva inachofanya ni kuifasiri njia inayopewa. Aidha mara nyingi akaunti ya SFTP haifungiwi kama ile ya FTP, kwa hiyo folda ileile ambayo kwa FTP ni /public_html, kwa SFTP huwa /home/duka/public_html. Mtu anayebadilisha itifaki kwenye kichupo cha "General" na kusahau kurekebisha kichupo cha "Advanced" atakutana na kosa siku hiyohiyo. Rudia hatua ya kwanza kila unapobadilisha itifaki.

Folda zaidi ya moja kwenye seva ileile

Kazi ya tovuti haikai kwenye folda moja. Leo unashughulikia muonekano, kesho picha zilizo wp-content/uploads. Badala ya kuandikisha seva moja mara tatu, ichague kwenye Site Manager na ubofye "New bookmark". Alamisho hilo huwa na visanduku vyake viwili vya folda, na tiki yake ya kwenda sambamba, huku likitumia anwani na nenosiri la seva mama. Ukilibofya mara mbili unaunganishwa na kufikia pale moja kwa moja. Ukiwa tayari umeunganishwa, Ctrl+B hukuwezesha kuongeza alamisho la mahali ulipo.

Kama wewe ndiye mwenye seva

Pale ambapo watu kumi wanatumia seva moja, ni heri folda ya kuanzia iwekwe kwenye seva mara moja kuliko kuwafundisha wote kumi. Inategemea programu ya seva. Kwenye vsftpd mstari wa local_root huamua mtumiaji atuliwe wapi. Kwenye ProFTPD kuna DefaultChdir ya kumweka mahali na DefaultRoot ya kumfungia. Kwa SFTP ya OpenSSH, mstari huu ndani ya sshd_config humwanzisha mtumiaji kwenye folda ya uploads:

```
ForceCommand internal-sftp -d /uploads
```

Tofautisha kumwanzisha na kumfungia. Aliyeanzishwa mahali anaweza kupanda juu na kuzurura, aliyefungiwa hawezi.

Programu nyingine

Kwenye WinSCP, fungua mipangilio ya "Advanced" ya seva husika, nenda "Environment" kisha "Directories", na utakuta "Remote directory" na "Local directory". Hapohapo kuna "Remember last used directory"; ukiitia tiki, folda ya kuanzia itakuwa inahama kila siku kufuata ulipoishia, jambo ambalo wengine hulipenda na wengine huliona kama jini. Kwenye Cyberduck njia ya seva huandikwa penye "Path" ndani ya alamisho. Chrome na Firefox ziliacha kufungua anwani za ftp mwaka 2021, kwa hiyo maelekezo ya zamani ya kuweka njia mwishoni mwa anwani kwenye kivinjari hayafai tena.

Anayetumia amri ya ftp kwenye terminali ya Linux anaweza kuandika faili ya .netrc kwenye folda yake ya nyumbani:

```
machine ftp.example.com
login duka
password nenosiri-lako
macdef init
lcd /home/asha/kazi/duka
cd /public_html

```

Amri ya lcd hubadilisha folda ya kompyuta yako, na cd ile ya seva. Mstari mtupu wa mwisho ni wa lazima, kwani ndio unaofunga orodha ya amri. Faili hiyo ina nenosiri lililo wazi, kwa hiyo ifunge kwa chmod 600.

Ukihamia kompyuta nyingine

FileZilla huhifadhi haya yote kwenye faili ya sitemanager.xml, ambayo kwenye Windows imo ndani ya %APPDATA%\FileZilla. Ukiifungua, utaikuta folda ya seva imeandikwa kwa namna ya ajabu kidogo:

```
<RemoteDir>1 0 11 public_html</RemoteDir>
```

Namba 11 ni idadi ya herufi za public_html, mstari wa chini ukihesabiwa. Anayeibadilisha folda kwa mkono na kuisahau namba huharibu kumbukumbu hiyo, kwa hiyo fanya mabadiliko ndani ya Site Manager na uiache faili hii peke yake. Ili kuhamisha seva zako, tumia "Export" kwenye menyu ya "File" hapa na "Import" kule, na uitunze faili inayotoka kama unavyotunza nenosiri, maana linaweza kuwamo. Folda za seva zitafika zikiwa sahihi. Zile za kompyuta ndizo zitakazokusumbua: D:\Kazi\duka haimo kwenye kompyuta isiyo na diski ya D, kwa hiyo zipitie moja moja kwenye "Advanced" na uzichague upya kwa "Browse" kabla ya kupakia faili ya kwanza.